Kliniki ya Kiingereza cha Kuombea Maji

Mgeni aliingia duka la vifaa vya ujenzi, akavua kofia, akauliza jambo moja tu kwa Kiingereza, na papo hapo duka zima likapata shughuli. Mteja mmoja akakumbuka kuwa kuna kitu amekisahau nje. Mwingine akainama kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa kandambili. Mpima nyaya akaanza kupima upya waya ambao alikwisha kuupima na kuukata. Mwenye duka mwenyewe, mtu mnene aliyeheshimika mtaa mzima kwa jina la Misumari, alitazama kulia, akatazama kushoto, akajikuta amebaki peke yake mbele ya adui. Akakohoa. Akasema, "I am coming," kisha akageuka akaenda zake stoo.

Basi mgeni wa watu akasubiri. Kaambiwa mtu anakuja, naye anamwona anakwenda, afanyeje? Sisi tunajua Misumari alitaka kusema nini. Alitaka kusema "naja," ile naja yetu ya kuondokea, ambayo mtu huisema akiwa ameshakupa mgongo. Lakini mgeni hakulelewa na watu wanaokuja kwa kuondoka. Alisubiri mpaka akachoka, akavaa kofia, akaondoka na mkoba wake wa picha za mashine za kukatia vigae, mashine ambazo Misumari alikuwa akizitamani tangu mwaka jana.

Aliyeyaona yote hayo alikuwa bwana mmoja aliyesimama karibu na makufuli, akiyageuzageuza kama mtu mwenye majumba. Hakuwa na jumba wala kibanda. Mjini walimwita Tai, na mpaka leo watu hubishana kama jina hilo lilitokana na ile tai nyekundu isiyobanduka shingoni mwake, au na yule ndege anayeuona mzoga kutoka mawinguni. Mimi nasema yote mawili, na asiyekubali na atunge hadithi yake.

Tai hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu mwenye ulimi, na hao ni hatari kuliko wabaya. Alikuwa na mke pia, ila mke alikuwa kwao. Sababu ilikuwa cherehani. Siku moja Tai aliichukua cherehani ya mkewe akisema anaipeleka ikapakwe mafuta, na nadhani ilipakwa mafuta mengi mno, maana iliteleza moja kwa moja ikapotea. Aliiuza ili aingie biashara ya miavuli, na msimu huo mvua ikakataa katakata kunyesha. Mkewe akafunga virago. Tai alipomfuata, mama mkwe alimpokea mlangoni, hakumpa hata kigoda, akamwambia, "Mashine kwanza, mke baadaye," akafunga mlango. Tangu siku hiyo Tai alikuwa anakula peke yake na kucheka peke yake, na kwa mtu wa maneno mengi hakuna adhabu inayozidi kukosa wa kumsikiliza. Alimkosa mkewe mpaka roho ikamuuma, na katika hilo hakuwa na ujanja wowote.

Misumari alipochungulia kutoka stoo, akiuliza kwa macho kama hatari imepita, Tai alikuwa ameshaiona njia ya cherehani.

"Mzee wangu," akasema kwa sauti ya wodini, "hali hii imekuanza lini?"

Misumari akauliza hali gani.

"Kiingereza kukukwama kooni. Usijilaumu. Huo si ujinga, mzee. Ni maradhi, na yana tiba."

Hapo ndipo utakapomjua fundi. Ujinga ni aibu, lakini maradhi ni mkosi tu, na mkosi humpata hata tajiri. Misumari, ambaye alikuwa anajiona mjinga tangu alipochekwa na darasa zima alipokuwa shule, siku hiyo aligundua kwamba kumbe ni mgonjwa, na alivyofurahi ungedhani kapona. Akavuta kiti, akaomba apimwe hapo hapo. Tai akamtaka aseme lolote kwa Kiingereza, lile la moyoni. Misumari akafikiri, akajipangusa jasho, akasema juu ya mama watoto wake, "My wife, he is very beautiful."

Tai akafumba macho kama mtu aliyechomwa mwiba. Akamweleza kwa upole kuwa kwa Kiingereza ameshampa mkewe ndevu. Hiyo, alisema, inaitwa homa ya hi na shi, na inawapata sana watu waliozaliwa katika lugha yetu, lugha ambayo yeye ni yeye tu, awe bibi au bwana. Ikiachwa hupanda kichwani. Misumari akauliza kama inaambukiza. Tai akasema ndiyo, hasa kwa wateja.

Kabla juma halijaisha, stoo ya Misumari ilikuwa kliniki. Mifuko ya saruji ilisogezwa ukutani ikawa mabenchi, na mlangoni kikawekwa kibao ambacho Tai alikiandika mwenyewe akiwa juu ya ngazi: Kliniki ya Kiingereza, Tawi Lililoidhinishwa na Makao Makuu. Makao Makuu hayo aliyazua pale pale juu ya ngazi, kwa sababu ubao ulikuwa umebaki na nafasi chini. Watu walipomuuliza yako wapi, alinyoosha kidole kuelekea juu, upande kidogo, nao wakatikisa vichwa kwa heshima. Akajipatia na koti jeupe, la muuza nyama mmoja aliyestaafu, akalifua mpaka likakaribia kutakata.

Na Kiingereza chake mwenyewe je? Hilo ni swali zuri, na sijui kwa nini hakuna aliyeliuliza. Tai alikisoma Kiingereza chake chote kwenye maboksi, makopo na chupa. Alikijua cha pasi, cha tochi, cha dawa ya kikohozi. Kwa hicho hicho ndicho alichomposea mkewe. Jioni moja, enzi za uchumba, alimshika mkono akamwambia kwa sauti nzito, "Store in a cool, dry place," akamtafsiria kuwa maana yake ni kwamba atamweka moyoni maisha yake yote. Binti wa watu aliyaamini hayo mpaka mwaka wa pili wa ndoa, alipoyakuta maneno yale yale kwenye kopo la maziwa ya unga. Alicheka siku nzima, na hakumchukia hata kidogo. Cherehani ilikuwa jambo jingine.

Wagonjwa walimiminika. Alikuja mama wa saluni, mwanamke mwenye mikono ya dhahabu, akiwa na huzuni ya mgeni aliyekaa kwenye kiti chake siku moja chini ya mashine ya kukaushia nywele. Mama wa saluni alisikia harufu ya kuungua, akamwambia mgeni kama alivyojua, "I am hearing a bad smell." Mgeni akatega sikio. Akasikiliza kwa makini, akasema yeye hasikii kitu, akatega na la pili, na wakati wote huo nywele zilikuwa zinaungua. Alikuja mpiga picha aliyekimbiwa na wageni kwenye arusi kwa sababu ya kumfuata kila mmoja akitabasamu na kumwambia, "I want to beat you, only one." Tai aliandika maradhi yao, akayapa majina marefu, akawauzia kichupa cha dawa ya kulainisha ulimi, tone moja kabla ya kila sentensi. Ilikuwa asali na maji ya ndimu. Ulimi ulilainika kweli, siwezi kumsingizia.

Siri ya kazi ilikuwa moja: alimsahihisha kila mtu. Aliyekosea alisahihishwa, na aliyepatia alisahihishwa zaidi. Siku moja alikuja mwalimu wa shule, akasema sentensi safi isiyo na doa. Tai akashusha pumzi ya huruma, akatikisa kichwa. Mwalimu akaomba radhi, akairudia sentensi ile ile akiiharibu vizuri, na Tai akampa mkono wa pongezi. Alikuwa ameligundua jambo ambalo watu wa mji ule hawakuwahi kuambizana, kwamba kila mmoja wao alijiona ndiye peke yake asiyejua. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuuliza, na daktari akashiba humo.

Kuhusu malipo alikuwa msafi kupita maji. Mimi, alisema, sigusi hela ya mgonjwa. Kila kitu kinaingia kashani, na kasha ni mali ya Makao Makuu. Lilikuwa kasha la bati lenye tundu juu na makufuli mawili. Ufunguo mmoja ulikaa kwa Tai na wa pili kwa Misumari, ambaye aliuvaa shingoni kama nishani. Mkaguzi wa Makao Makuu, Tai aliwaambia, atakuja Jumamosi ya mahafali kulichukua kasha na kutoa vyeti, ingawa mkaguzi ana mambo mengi na huenda akachelewa. Ukweli ni kwamba Jumamosi hiyo, wakati wagonjwa wakimsubiri mkaguzi duka la mbele, Tai alipanga kutokea mlango wa nyuma na kasha kwapani, na makufuli yake yote mawili. Patasi angeipata mbele ya safari. Cherehani alikuwa ameshaichagua katika duka moja barabara kuu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni, na kila siku alipita kuitazama dirishani. Usiku alijiona anabisha hodi kwa mama mkwe nayo.

Jumamosi ikafika. Wagonjwa walikuja wamepiga pasi mpaka soksi. Tai aliwahutubia kidogo, akasikitika kwamba mkaguzi hajaonekana, akawaomba wasogee duka la mbele wakamtazamie barabarani. Walikuwa wanasimama hivi, na mkono wa Tai umeshashika mpini wa kasha, mlango ulipofunguka akaingia mama mmoja wa makamo, mwenye wigi, miwani mikubwa na mkoba mweusi wa ngozi.

"Hamjambo," akasema. "Natoka Makao Makuu."

Watu wote wakapiga makofi. Tai peke yake hakupiga, kwa sababu mikono ilikuwa imekufa ganzi. Hakuna mtu duniani aliyejua vizuri kuliko yeye kwamba Makao Makuu hayana nyumba, hayana mlango, hayana hata mfagizi. Aliyazua juu ya ngazi ili kujaza ubao. Na sasa yamekuja kumkagua.

Yule mama akamgeukia, akamtazama juu ya miwani, akanena kwa Kiingereza cha taratibu, kizito, cha watu wa vyeo. "Shake well before use."

Mwalimu wa shule alikunja mikono kifuani kwa unyenyekevu. Tai alihisi damu inarudi usoni, maana maneno yale aliyajua. Yanakaa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, ubavuni, chini ya picha ya jani. Akajua yu mbele ya tapeli mwenzake. Akajua pia kuwa tapeli mwenzake anamjua. Watu walikuwa wanamtazama daktari wao waone atajibu nini, na heshima ya kliniki ilikuwa inaning'inia hapo.

"Keep out of reach of children," akajibu.

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika na hoja lakini si sana. "Do not use near water."

"Batteries," akasema Tai, "not included."

Mama wa saluni alifuta machozi. Alisema baadaye kwamba hajawahi kusikia Kiingereza kizito namna ile, na kwamba hakuelewa hata neno moja, ndipo akajua ni chenyewe. Mkaguzi akanyoosha mkono, akaomba kasha na funguo kwa niaba ya Makao Makuu. Misumari akaivua nishani yake shingoni kwa fahari, akaikabidhi. Ukabaki ufunguo wa Tai.

Tai akainama sikioni mwa yule mama kama anayempa taarifa ya kikazi. Akamnong'oneza kwamba yeye ni mtu muungwana, wagawane nusu kwa nusu, mambo yaishe kimya kimya. Mkaguzi akatabasamu tabasamu tamu la shangazi.

"Nusu ya nini, mwanangu? Sema kwa sauti, na wenzako wasikie."

Tai akaliangalia jambo lile mbele na nyuma. Aseme huyu mama ni mwongo? Ataulizwa amejuaje. Aseme Makao Makuu hayapo? Ataulizwa kibao nani aliandika. Kila njia aliyoijaribu kichwani iliishia kituo cha polisi, na katika kila moja Misumari alikuwa mbele ameshika nyundo. Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yumo mashakani. Hawakusema mwerevu afanye nini akikutana na mwerevu zaidi. Alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akautoa pamoja na maua ya dhahabu na mlango wa mama mkwe, akauweka kwenye kiganja cha yule mwanamke. Aliona uchungu wa kweli.

Mkaguzi alifungua mkoba akatoa vyeti, vigumu, vyenye utepe. Kila mgonjwa alipata chake. Kisha akawaambia kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba, kwa amri ya Makao Makuu, mwenye cheti hiki ameruhusiwa kukosea mbele ya yeyote, mahali popote, na atakayemcheka ndiye mgonjwa. Walishangilia mpaka vumbi la saruji likapanda. Halafu Misumari, mtu mwenye nguvu zake, akalibeba kasha yeye mwenyewe mpaka kwenye teksi, akaufunga mlango wa teksi taratibu, akapunga mkono.

Tai alikaa juu ya mfuko wa saruji na koti lake la muuza nyama. Alikuwa bado hapo mchana ule, yule mgeni wa mashine za vigae aliporudi kujaribu bahati yake tena. Tai akangoja kuona watu wakikimbia. Hakukimbia mtu. Misumari alikuwa ameshakitundika cheti ukutani juu ya meza yake, na alimkabili mgeni kwa kifua mbele. "Welcome!" akamwambia. "Me, I want machine. Many machine. But price, he is very tall." Mgeni akacheka, lakini kicheko cha rafiki. Akavuta kiti. Wakaanza kupatana kwa vidole, kwa kalamu na kwa Kiingereza ambacho kingemuua mwalimu yeyote, na bei, iliyokuwa ndefu, ikafupika. Mpima nyaya naye akasogea kutia neno. Mambo yakaenda kama maji.

Tai alitazama akaanza kucheka. Alicheka mwenyewe, kisha akanyamaza, kwa sababu aligeuka kumtafuta wa kucheka naye hakumwona. Kisa kizuri namna hii, mwizi kaibiwa na ofisi aliyoizua mwenyewe, halafu hana wa kumsimulia. Mtu mmoja tu duniani angekicheka kisa kile inavyostahili, na alikuwa nyuma ya mlango uliofungwa. Akainuka, akavua koti, akaenda mikono mitupu.

Mama mkwe alifungua mlango nusu. Alikuwa na miwani mipya machoni.

"Umekuja na nini?"

"Sina kitu, mama," akasema Tai. "Mashine nimeikosa. Nimekuja kumsimulia binti yako kisa, halafu nitaondoka."

Mama mkwe akaufungua mlango wote. Ndipo Tai alipoisikia sauti ambayo hakuisikia tangu enzi za miavuli, ile tiki-tiki-tiki ya sindano ikikimbia kwenye kitambaa. Mkewe alikuwa amekaa mbele ya cherehani nyeusi yenye maua ya dhahabu ubavuni. Pembeni yake, wigi likiwa gotini, mkaguzi wa Makao Makuu alikuwa anakunywa chai.

"Huyu ni shangazi yangu," akasema mkewe, akijitahidi kuuzuia mdomo usicheke. "Kwenye arusi yetu hakuja, alikuwa na safari zake."

Shangazi akasema safari zake ni nyingi, na keshokutwa ana nyingine, maana kasha lilikuwa na baraka na cherehani haikuimaliza. Tai akaporomoka kwenye kigoda, ambacho safari hii alikuta kimeshawekwa. Akauliza walijuaje. Kumbe mama mkwe alikwenda kununua bawaba kwa Misumari, na Misumari kwa fahari akamsomea pale kaunta misemo ya daktari wake mkubwa, na habari za mkaguzi wa Jumamosi. Mama mkwe akaileta nyumbani kama habari ya mjini.

"Nilipoisikia tu, nikajua," mkewe akasema. "Nani mwingine hapa mjini anaongea kama chupa ya dawa?" Akaacha kushona, akamgeukia kabisa. "Lakini nilimwambia shangazi, tusimwite. Tuone kama atakuja bila kitu. Ungekuja na mashine nyingine ningejua umeleta mashine. Haya, nisimulie."

Akamsimulia. Alimsimulia yote, ngazi, koti, mwalimu, betri, na alipofika kwenye kunong'ona nusu kwa nusu, mkewe alilala juu ya kitambaa kwa kicheko, na hata mama mkwe aliondoka kwenda jikoni ambako alisikika akigonga sufuria ambazo hazikuwa na kosa.

Mwisho shangazi akapandisha wigi lake kichwani na kutoa hukumu ya Makao Makuu. Cherehani ilitoka kwa watu ikifichwa, basi irudi ikionekana. Itabebwa kichwani, mchana kweupe, kupitia barabara kuu, na atakayeibeba ni daktari.

Ndivyo ilivyokuwa. Tai alipita barabara kuu na chuma kile utosini, tai nyekundu imekwenda upande, jasho linamwingia machoni, na mkewe nyuma yake amebeba meza yake ndogo ya kushonea. Wagonjwa wote walikuwa nje na vyeti vyao rohoni. Mpiga picha alimfuata akimwomba ruhusa ya kumpiga moja tu. Mama wa saluni alimuuliza kwa Kiingereza kama anasikia harufu ya uzito. Mbele ya duka la vifaa, Misumari alisimama na yule mgeni, akampungia mkono kwa mapenzi yote.

"Doctor!" akaita. "Your wife, he is very beautiful!"

Mazoea ni kitu kibaya. Kinywa cha Tai kilifunguka chenyewe, na mtaa mzima ukangoja kusahihishwa. Nyuma yake mkewe naye alikuwa amesimama, anangoja.

"Thank you," akasema Tai kutoka chini ya cherehani. "Yes. He is."

Mkewe akaangua kicheko, kile kile ambacho Tai alikuwa amekikosa, na kikamfuata mgongoni mpaka nyumbani.